Kichupa kikishatoka wodini

Kanuni ya maabara yetu inanikataza kumpa jamaa wa mgonjwa majibu kwa simu, nami naiunga mkono. Majibu ya kipimo cha ugonjwa wa prioni yanatakiwa yapitie kwa daktari anayemjua mgonjwa, aliyemwona akitembea mwezi uliopita na akishindwa kusimama mwezi huu. Mimi nimeona mililita chache tu za maji ya uti wake wa mgongo. Lakini simu haziishi. Mtu anapata namba sijui wapi, anaanza na "samahani dada, najua hairuhusiwi," kisha anauliza mambo ambayo wala si majibu: Sampuli ya mama imefika? Mnaifanyia nini huko? Mbona siku zinapita? Hayo naruhusiwa kuyasema, na yanastahili zaidi ya dakika mbili za simu, kwa hiyo nayaandika hapa.

Kazi yangu ni kupima maji ya uti wa mgongo ya watu wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa wa prioni, yaani ugonjwa wa ubongo unaoletwa na protini iliyojikunja vibaya. Mara nyingi anayeshukiwa ni Creutzfeldt-Jakob, ugonjwa uliobeba majina ya madaktari wawili wa Ujerumani walioandika habari zake mwaka 1920 na 1921. Ni ugonjwa adimu. Katika watu milioni moja humpata mmoja au wawili kwa mwaka. Huanza kwa kusahau, kuyumba, au kuona vitu vimepinda, kisha huenda mbio kiasi kwamba familia inasimulia mabadiliko kwa wiki, si kwa miaka. Wengi hufariki ndani ya mwaka mmoja tangu dalili ya kwanza. Dawa ya kuuzuia haijapatikana. Nalitaja hili mapema kwa sababu kila anayenipigia ameshalisoma mtandaoni usiku, peke yake.

"Sasa kama hakuna dawa, mnapima ya nini?" Kijana mmoja aliniuliza hivyo, baba yake akiwa amelazwa. Hakuuliza kwa hasira. Alikuwa amechoka, na alitaka kujua kama ile sindano ya mgongoni aliyochomwa mzee ilikuwa na maana yoyote.

Ilikuwa nayo, na sababu yake ndiyo inayoniamsha asubuhi kwenda kazini. Mwaka 2011, kituo cha Marekani kinachofuatilia magonjwa ya prioni, kilichoko Chuo Kikuu cha Case Western Reserve mjini Cleveland, kilitoa taarifa juu ya watu 1,106 ambao ubongo wao ulichunguzwa baada ya kufariki kwa sababu walishukiwa kuwa na ugonjwa huu. Watu 352 kati yao hawakuwa nao. Na ndani ya hao 352, watu 71 walikuwa na ugonjwa ambao ungeweza kutibiwa. 26 walikuwa wakishambuliwa ubongo na kinga ya mwili wao wenyewe, 25 walikuwa na saratani, nyingi zikiwa limfoma, yaani saratani ya chembe za kinga, 14 walikuwa na maambukizi, na 6 matatizo ya kimetaboliki, yaani ya kemia ya mwili. Watu 71 walikwenda kaburini na jina la ugonjwa usio na dawa, huku wa kwao una dawa.

Siku nilipoisoma taarifa ile nilikuwa bado mgeni katika kazi hii, nikidhani kwamba naandika hukumu. Tangu hapo nimeifikiria kazi yangu kwa namna nyingine. Kila kichupa kinachofika, nakipima kwanza kwa ajili ya yule ambaye huenda hana ugonjwa huu. Kuna hali, kwa mfano, ambapo mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya protini iitwayo LGI1. Mgonjwa huchanganyikiwa, kumbukumbu zinapotea, uso na mkono wa upande mmoja hustuka kwa sekunde moja au mbili, tena na tena kutwa nzima, na chumvi ya sodiamu katika damu hushuka. Mtu asiyeijua hali hiyo anaweza kuona Creutzfeldt-Jakob. Anayeijua humpa dawa za kutuliza kinga, na wagonjwa wengi wa namna hiyo hupata nafuu kubwa, hasa wakiwahiwa. Tofauti ya watu hawa wawili haionekani vizuri mlangoni pa wodi. Inatafutwa kwenye picha ya MRI, kwenye damu, kwenye kipimo cha umeme wa ubongo, na kwenye hayo maji.

Sasa tuje kwenye maji yenyewe.

Jambo la kwanza linalowashangaza watu ni kwamba maji ya mgonjwa wa prioni kwa macho hayana kasoro. Ni meupe, mang'avu, na ukiyaweka kwenye darubini chembe nyeupe hazijaongezeka. Uti wa mgongo wenye bakteria huleta maji yenye ukungu na seli tele, kwa sababu mwili umemtambua mgeni na umepeleka askari. Prioni hailetwi na bakteria wala virusi. Ni protini ya mwili wenyewe, ile ile iliyomo juu ya seli za neva za kila mmoja wetu, isipokuwa imejikunja vibaya. Mwili hauioni kuwa ni adui. Hauleti homa, hautengenezi kingamwili. Kwa hiyo nikipokea maji yenye chembe nyeupe nyingi, kabla sijagusa kitu kingine mawazo yangu huanza kuelekea kwingine, na fomu ya majibu itamkumbusha daktari naye aelekee huko.

Ubaya wa protini hii ni kwamba iliyoharibika huiharibu iliyo nzima. Inaigusa, na ile nzima nayo inajikunja kwa umbo lile lile, kisha inakwenda kugusa nyingine. Chachu kidogo huchachua donge zima. Stanley Prusiner, aliyeipa jina la prioni mwaka 1982, alipingwa kwa miaka mingi na wataalamu waliosema hakuna kitu kinachoweza kueneza ugonjwa bila kuwa na jeni ndani yake. Mwaka 1997 alipewa Tuzo ya Nobel.

Kipimo tunachokitegemea sasa, kiitwacho RT-QuIC, kinautumia ubaya huo huo. Tunaiacha prioni ifanye kazi yake mbele ya macho yetu, ndani ya plastiki iliyofungwa.

Tunaanza na protini nzima. Haitoki kwa mtu. Hutengenezwa na bakteria waliopewa jeni ya protini hiyo ya panya aina ya hamsta, kisha husafishwa mpaka ibaki peke yake. Inachanganywa na chumvi na rangi iitwayo thioflavini T, ambayo ina tabia moja ya ajabu: ikiwa huru haing'ai, lakini ikinaswa katikati ya nyuzi za protini zilizojikunja vibaya hutoa mwanga. Mchanganyiko huo unagawiwa kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo 96. Kila mgonjwa anapewa vishimo vinne, na katika kila kimoja ninadondosha maji yake kwa pipeti, mikrolita chache tu, kiasi ambacho hakifiki hata tone kubwa. Pembeni kuna vishimo vya maji ya mtu tunayejua kwa hakika alikuwa na ugonjwa, na vya mtu tunayejua hakuwa nao. Vile vya kwanza visipong'aa, au vile vya pili viking'aa, sahani nzima haina thamani, na kila mgonjwa aliyekuwemo anaanza upya.

Halafu inabandikwa karatasi ya plastiki juu, inaingia kwenye mashine. Mashine inaipasha joto hadi nyuzi 55, inaitikisa dakika moja, inaipumzisha dakika moja, inaitikisa tena, na kila baada ya muda inamulika kila kishimo na kupima mwanga unaorudi. Kama ndani ya yale maji kuna prioni, hata kidogo sana, inaanza kuivuta ile protini nzima, nyuzi zinajengeka, mtikisiko unazikata vipande, kila kipande kinakuwa mbegu mpya. Kwenye skrini yangu unaonekana mstari uliolala chini kwa saa kadhaa, kisha unapanda ghafla. Kama prioni haimo, mstari unabaki umelala mpaka mwisho.

Nimeitazama mistari hiyo kwa miaka. Sijawahi kuizoea, na nisingependa kuizoea.

Vishimo viwili au zaidi kati ya vinne vikipanda, hiyo ni chanya. Vyote vikilala, hasi. Kikipanda kimoja tu, hatuandiki chochote bado, tunarudia. Na hapo ndipo siku zinapoongezeka, na hapo ndipo simu yako inaponikuta sina la kukuambia. Siku nyingine zinaliwa na njia, maana sampuli inasafiri imegandishwa ndani ya barafu kavu, na msafirishaji wa namna hiyo hapatikani kila siku. Nyingine zinaliwa na kusubiri sahani ijae, kwa kuwa hatuwashi mashine kwa ajili ya mtu mmoja. Hilo la mwisho linaniuma, lakini protini ile ni ghali na ni ngumu kuitengeneza, na kuitumia ovyo leo ni kumnyima mgonjwa wa wiki ijayo.

Miaka ya nyuma mambo yalikuwa magumu zaidi. Kuanzia mwaka 1996 maabara nyingi zilitegemea protini iitwayo 14-3-3. Hiyo si prioni. Ni protini ya kawaida iliyomo ndani ya seli za neva, na seli zikifa kwa wingi na kwa haraka humwagikia kwenye maji ya uti wa mgongo. Ukiikuta umejua kwamba neva zinakufa, lakini hujajua kinachoziua. Kiharusi kinaweza kuitoa, degedege la muda mrefu linaweza kuitoa, uvimbe wa ubongo kadhalika. Tau, protini nyingine ya seli za neva, ni hivyo hivyo. Maabara nyingi huanza kushuku ikipita pikogramu 1,150 au 1,300 kwa mililita. Vipimo hivi viwili tungali tunavifanya na vinasaidia, hasa kuonyesha kasi ya uharibifu. Lakini nimeshaona watu wakikabidhiwa karatasi yenye 14-3-3 chanya na kuambiwa waende nyumbani wakajiandae. Hilo halikuwa sahihi hata wakati ule, na leo halina kisingizio chochote.

Mabadiliko yalikuja kwa hatua. Mwaka 2001 Claudio Soto na wenzake walionyesha kwamba prioni inaweza kuzidishwa ndani ya tyubu. Mwaka 2011 Ryuichiro Atarashi na wenzake wa Nagasaki walionyesha kwamba kwa RT-QuIC maji ya uti wa mgongo yanatosha kuwatambua zaidi ya 80 kati ya wagonjwa 100, bila kumsingizia mtu asiye na ugonjwa katika sampuli walizopima. Kisha mwaka 2015 maabara ya Hamilton, jimbo la Montana, Marekani, ilifupisha protini, ikapandisha joto, na kazi iliyokuwa ikichukua siku tatu au nne ikaanza kumalizika ndani ya siku moja, huku ikiwatambua zaidi ya 90 kati ya 100. Mtu aliyesubiri majibu mwaka 2005 na anayesubiri leo hawasubiri kitu kimoja kabisa.

Lakini mashine nzuri haiwezi kuokoa kichupa kibaya, na hapa naomba nisemeshe wenzangu wa wodini, maana najua baadhi yenu mnasoma.

Damu. Tafadhali, damu. Sindano ikipita kwenye mshipa mdogo wakati wa kutoa maji, tone moja linatosha kuyapa rangi ya waridi. Kwa vipimo vingine linavumilika. Kwa RT-QuIC ni balaa, kwa sababu vitu vilivyomo ndani ya chembe nyekundu vinazuia ule mnyororo wa kujikunja usianze. Prioni inaweza kuwamo, na mstari ukabaki umelala. Hiyo si hasi, ni ukimya, na ukimya ukiandikwa "hasi" unadanganya. Ndiyo maana maabara zinazofanya kipimo hiki zinakataa sampuli zenye chembe nyekundu nyingi. Na msitegemee kwamba tutaizungusha kwenye sentrifuji tukaitoa. Mkishaigandisha, chembe zimepasuka, yaliyomo yameshayeyukia kwenye maji, hakuna cha kutenganisha tena.

Dawa yake ni ndogo mno. Maji ya mwanzo, ambayo ndiyo hubeba damu ya njia ya sindano, yapelekeni kwenye vipimo vya kawaida. Yanayofuata, yakishakuwa safi kama maji ya kunywa, ndiyo yetu. Inueni kichupa mbele ya karatasi nyeupe mkiangalie kabla hamjamfunga mgonjwa bandeji. Tumieni kichupa cha polipropilini, maana protini kama tau hunata kwenye kuta za plastiki nyingine na vioo, na kinachonata ukutani hakihesabiwi. Gandisheni mapema. Andikeni jina na tarehe kwa wino usiofutika kwenye baridi.

Ninayasisitiza haya kwa sababu nimepiga simu nyingi za upande wa pili, zile ambazo ni mimi ninayempigia daktari kumwambia kwamba sampuli haifai. Nasikia anavyonyamaza. Anamfikiria mgonjwa ambaye sasa hawezi kutulia hata dakika moja, anastuka akiguswa, na ambaye itabidi alazwe tena ubavu, akunjwe magoti, achomwe tena. Kuna mara mgonjwa alikuwa amefika mahali ambapo familia ilisema basi, asichomwe tena, na walikuwa na haki kabisa. Hawakupata jibu. Kwa mililita chache za waridi.

Upo upotevu mwingine unaonikera zaidi, na huo unatokana na woga. Neno prioni likiandikwa kwenye fomu, kuna watu wa maabara wanaosukuma kichupa pembeni. Nimewahi kupokea maji ya mgonjwa ambayo hata hesabu ya seli haikufanywa hospitalini kwake, wala sukari, wala kuotesha bakteria, kwa sababu hakuna aliyekubali kuyagusa. Fikiria: vipimo vya kutafuta magonjwa yanayotibika viliachwa kwa kuogopa ugonjwa ambao bado haujathibitishwa.

Woga huo una chanzo, siupuuzi. Mwaka 1977 ilitangazwa kwamba wagonjwa wawili vijana waliambukizwa Creutzfeldt-Jakob na elektrodi za chuma zilizoingizwa ubongoni mwao, ambazo kabla ya hapo zilitumika kwa mgonjwa wa ugonjwa huo na zikasafishwa kwa spiriti na mvuke wa formaldehidi. Prioni haifi kwa vitu hivyo. Formalini inaishikiza tu mahali pake. Nchini Ufaransa mtafiti kijana alijichoma kidole mwaka 2010 akiwa kazini na ubongo wa panya wenye prioni, akafariki mwaka 2019, na mwaka 2021 taasisi za umma za huko zilisimamisha utafiti wa prioni kwa muda. Sisi tunaofanya kazi hii tunaijua habari ile kwa undani. Mimi huifikiria kila ninapovaa glavu.

Lakini ubongo na maji ya uti wa mgongo havilingani. Shirika la Afya Duniani limeuweka ubongo, uti wa mgongo na jicho katika kundi la hatari kubwa, na maji ya uti wa mgongo katika kundi la hatari ndogo. Hatari ndogo maana yake ni kufanya kazi kwa utaratibu: vifaa vya kutupa baada ya matumizi, hakuna kioo wala ncha kali, kabati la usalama, na kilichomwagika kinafunikwa kwa haidroksaidi ya sodiamu ya molari 1 au hipokloraiti yenye klorini sehemu 20,000 kwa milioni, kwa saa nzima. Otoklevu, ile mashine ya kuua vimelea kwa mvuke, ni nyuzi 134 kwa dakika 18. Sahani ikishatoka kwenye mashine haifunguliwi kamwe. Inakwenda kuteketezwa ikiwa imefungwa vile vile. Ukifuata hayo, hakuna sababu ya kumnyima mgonjwa hesabu ya seli.

Na kwako wewe uliyeko nyumbani: ugonjwa huu hauambukizi kwa kushikana mikono, kwa kumbusu, kwa kulala chumba kimoja, kwa kumlisha wala kumuogesha. Mama mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama awazuie wajukuu wasimkaribie babu yao. Nilimwambia hapana, awaache wapande kitandani. Hilo halikuwa jibu la kipimo, kwa hiyo hakuna kanuni niliyovunja.

Majibu yakifika mkononi mwa daktari, yatakuwa moja kati ya matatu. Chanya ina uzito mkubwa sana, kwa kuwa ni nadra mno kipimo hiki kung'aa kwa mtu asiye na prioni. Hata hivyo inasomwa pamoja na dalili na picha ya MRI, si peke yake. Hasi inapunguza shaka kwa kiasi kikubwa lakini haifungi mlango. Baadhi ya aina za kurithi, kama ule ugonjwa wa kukosa usingizi unaopita ndani ya ukoo, mara nyingi hazijitokezi vizuri kwenye kipimo hiki. Ile aina iliyotokana na ng'ombe wagonjwa, iliyotambuliwa Uingereza mwaka 1996 na kuua watu 178 huko, kwa kawaida haionekani humu kabisa. Kwa hiyo hasi kwa mtu ambaye dalili zake zote zinasema prioni ni sababu ya kuangalia upya, na pengine kurudia. Ya tatu ni "sampuli haifai", na hiyo isomeni kama ilivyo: kipimo hakijafanyika. Msikubali mtu yeyote awaambie kwamba hiyo ni hasi.

Swali linalofuata huwa ni la watoto wa mgonjwa: na sisi je? Maji ya uti wa mgongo hayawezi kulijibu. Karibu wagonjwa 85 kati ya 100 ugonjwa huwatokea bila sababu inayojulikana, bila ya kuurithi. Wachache, kama 10 hadi 15 kati ya 100, wana kasoro kwenye PRNP, jeni inayotengeneza protini hiyo, na hiyo inatafutwa kwenye damu. Mgonjwa akiwa hai, kuchukua damu hiyo ni rahisi. Akishaondoka inakuwa vigumu zaidi, na familia hubaki na swali kwa kizazi kizima. Lakini kabla ya kuchukua, kaeni na mshauri wa mambo ya jeni. Kuna ndugu atakayetaka kujua na kuna atakayekataa, na wote wawili wana haki ya kuheshimiwa.

Uthibitisho kamili bado unatoka kwenye ubongo wenyewe, baada ya kifo. Najua ni maneno mazito kuyaandika kwa mtu ambaye mgonjwa wake angali anapumua. Nayaandika kwa sababu uamuzi huo ukiachwa mpaka siku ya msiba, hakuna mwenye nguvu ya kuufanya. Wale watu 71 tusingewajua kamwe kama familia zao zisingekubali, na bila kuwajua hao madaktari wasingekuwa makini kama walivyo leo.

Kwa hiyo ukienda wodini kesho, muulize daktari mambo haya: kama kingamwili za ubongo zimepimwa, kwenye damu na kwenye maji, kama vitamini B1, B12, sodiamu, tezi ya shingo na kaswende vimeangaliwa, kama maji yaliyotumwa yalikuwa safi au yalikuwa na damu, na kama kuna kichupa cha akiba kilichobaki kwenye friza yao. Hicho cha akiba kikiwapo, nami nikikuta cha kwanza hakifai, mgonjwa wako hatachomwa tena.